Mizizi Ikishaliteka Tangi: Dalili, Chanzo na Pa Kukata

Paludariamu, yaani tangi la kioo lenye samaki majini na mimea ya nchi kavu juu yake, haina shida miezi ya mwanzo. Shida huja baadaye, pale mizizi michache iliyokuwa ikining'inia inapoanza kujaa majini, kuziba chujio, kulowesha udongo wa juu au kuoza. Hapo wengi hukimbilia mkasi na kunyoa ncha zote kwa usawa. Tangi linapendeza siku chache, kisha mizizi inarudi ikiwa imesongamana kuliko mwanzo. Sababu ni kwamba ncha ya mzizi ndiyo inayozuia mizizi tanzu isichipuke ovyo nyuma yake. Ukiikata umeondoa kizuizi, na kisiki kilichobaki kinatoa matawi.

Mzizi hauendi mahali bure. Unafuata maji, oksijeni, chakula au giza. Ukishajua unafuata nini, mkasi unakuwa kazi ya mwisho, na mara nyingine hauhitajiki kabisa. Kwa hiyo tuanze na dalili unayoiona, turudi nyuma hadi kwenye chanzo.

## Kwanza ushike mzizi

Kabla ya kutoa hukumu yoyote, vuta taratibu mzizi mmoja karibu na uso wa maji, bila kuukata, uutazame kwenye mwanga mzuri. Mzizi wenye afya ni mgumu kiasi na haukatiki ovyo. Ukiubana kwa kucha, ndani ni mweupe. Rangi ya nje isikutishe. Mweupe na wa krimu ni wa kawaida, lakini hata wa kahawia unaweza kuwa mzima, kwa kuwa maji yenye magogo huutia rangi ya chai, na madini ya chuma hujipaka juu yake yakauacha na rangi ya kutu. Nimeona watu wakitupa mimea mizuri kwa kosa hili tu.

Mzizi uliooza hauhitaji ubishi. Upitishe kati ya kidole gumba na cha shahada: ganda la nje linavuka kama soksi na kubaki uzi mwembamba wa katikati. Kisha unuse. Mzizi mzima unanukia maji na udongo. Ule mbovu una harufu ambayo hutaki ibaki mkononi.

Angalia na ncha. Ncha nyeupe, laini na iliyojaa inaonyesha mzizi bado unakua. Ncha nyeusi iliyosinyaa inaonyesha umesimama au umeungua, na hapo jiulize uliweka mbolea gani hivi karibuni.

Jaribio hili dogo linagawa matatizo yote mafungu mawili. Mizizi ikiwa mizima, shida yako ni ukuaji na nafasi. Ikiwa mibovu, shida yako karibu kila mara ni oksijeni. Dawa za mafungu haya mawili hupingana, ndiyo maana inafaa kujua uko fungu lipi kabla ya kugusa kitu.

## Mizizi imejaa na samaki wanabanana

Kwanza hakikisha ni tatizo kweli. Samaki aina ya beta, tetra wadogo na rasbora hupenda kujificha kwenye mizizi, na vifaranga vya gapi huponea humo. Msongamano peke yake si ugonjwa. Unakuwa ugonjwa pale samaki wasipoweza kuvuka kutoka upande mmoja hadi mwingine, chakula kinaponasa juu kabla hakijazama, au uchafu wa kahawia unapojikusanya ndani ya mizizi na kutulia humo wiki baada ya wiki. Samaki wenye mapezi marefu wapewe nafasi zaidi, maana pezi huchanika kwenye mizizi migumu.

Chanzo cha kwanza cha kuchunguza kiko juu ya maji. Pothosi, monstera, filodendroni na singoniamu ni mimea ya kutambaa, na kila jani jipya linadai maji. Majani yakiwa mengi, mizizi lazima iwe mingi. Ukikata mizizi ukaacha majani yale yale, mmea utairudisha haraka, kwa sababu mahitaji hayajapungua. Kata tawi refu la juu kwanza, punguza muda wa taa uwe saa 8 kwa siku, kisha subiri wiki mbili au tatu. Mara nyingi utaona mizizi mipya inachelewa kutoka. Hapo ndipo kupunguza ile iliyozidi kunakuwa na maana.

Chanzo cha pili kinawashangaza wengi: maji yenye njaa. Mmea ukikosa naitrojeni huelekeza nguvu zake kwenye mizizi ili ikatafute mbali. Utaiona mirefu, myembamba, yenye matawi machache, huku majani ya zamani ya chini yakigeuka manjano. Pima nitrati, yaani naitrojeni iliyoyeyuka majini ambayo mimea huila. Ikisoma 0, mmea unatafuta chakula, na kuukata ni kumwadhibu mwenye njaa. Ongeza mbolea ya maji ya mimea kwa kipimo kidogo, ile iliyotengenezwa kwa matangi ya samaki, na ulenge nitrati ikae kati ya miligramu 5 na 20 kwa lita. Kama samaki wako ni wachache mno kwa wingi wa mimea, hilo peke yake linaweza kuwa jibu.

Cha tatu ni kunyoa kwa zamani. Chunguza miisho ya mizizi. Ukikuta visiki vilivyozungukwa na kundi la vimizizi vichanga vinavyotoka sehemu moja, msongamano huo umeletwa na mkasi. Usikate tena pale pale. Fuata mzizi huo hadi unapoungana na shina, uutoe wote.

Halafu kuna ukweli ambao hakuna anayependa kuusikia: mmea mwingine haufai kwa tangi lako. Monstera iliyokomaa kwenye tangi la lita 40 haitatulia hata ufanye nini. Chukua kipande chenye kifundo kimoja (pale jani linapochipuka kwenye shina) ukipande upya, mzee umhamishie kwenye chungu, na uhesabu kwamba mwakani utafanya hivyo tena. Anayetaka kupumzika apande anubiasi au kangaga la Java (Java fern) juu ya gogo karibu na maji. Hukua polepole, na mizizi yao hukumbatia gogo badala ya kuvamia maji. Kumbuka tu kwamba lile shina lao nene linalolala halifukiwi, kwani likifukiwa huoza.

## Mtiririko wa maji umefifia

Chomoa umeme kwanza. Usivute mizizi kutoka kwenye pampu inayozunguka; utavunja feni yake ndogo ya ndani, au kipande cha mzizi kitajizungusha kwenye mhimili na kuiunguza pampu.

Kagua kwa mpangilio: kichungi cha mdomo wa kunyonyea, kisha bomba, kisha chumba cha ile feni. Kama maji yanatoka vizuri ukiinua pampu mbali na mimea, bomba ni safi na mizizi ya nje ndiyo inayoziba mdomo. Kama bado ni dhaifu, kuna kitu ndani.

Mizizi hupenda chujio kwa sababu pale kuna maji yanayotembea, oksijeni na uchafu wenye virutubishi. Huwezi kuishawishi isipende. Unachoweza ni kuuzungushia mdomo wa pampu sponji ya matundu makubwa, na kuihamisha pampu upande usio na mmea juu yake. Sponji hiyo uikamue kila wiki ndani ya maji yaliyotolewa kwenye tangi lenyewe, si chini ya bomba la maji yenye klorini.

Wapo waliopanda mmea ndani ya chujio lenyewe, na mizizi imepenya sponji hadi haitoki. Usiichane kwa nguvu. Sponji ile ndiyo makazi ya bakteria wanaogeuza amonia (sumu inayotokana na taka za samaki) kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu, na kisha nitrati. Igawe kwa kisu, nusu yenye mizizi iondoke na mmea, nusu nyingine ibaki kazini pamoja na sponji mpya.

## Harufu ya yai viza na mizizi myeusi

Hii ndiyo dalili ya kutopuuza. Harufu hiyo ni gesi ya hidrojeni salfaidi, na inatoka mahali ambapo oksijeni imekwisha: changarawe iliyoshikana, udongo wa nchi kavu uliozama, au fundo la mizizi lililojaa uchafu. Ni sumu kwa samaki.

Tafuta ilipo. Choma changarawe kwa kijiti chembamba, sehemu moja moja, uone wapi vinapanda vipovu vyenye harufu. Mchanga mweusi unaogeuka kijivu ukiutoa nje kwenye hewa unathibitisha jambo lile lile. Kama changarawe ni safi, panua fundo la mizizi kwa vidole; mara nyingi katikati yake ndiko kuna weusi, wakati nje panaonekana pazuri.

Chanzo kinachojificha ni mizizi iliyokufa chini ya changarawe. Mizizi hai ya mimea inayozoea maji huvujisha oksijeni kidogo pembeni yake, na hivyo kuifanya changarawe ipumue. Ukiua mmea mkubwa kwa kuukata juu na kuuacha chini, unapoteza huduma hiyo na papo hapo unaacha rundo la kuozea. Lakini usiung'oe kwa pupa pia. Kung'oa kriptokorine (mmea wa majini unaoota kwenye changarawe) ya zamani huinua tope lote na kuachia gesi kwa mara moja. Zungusha kidole au kijiti kuizunguka, kata mizizi mikubwa chini ya uso wa changarawe, toa mmea huku mpira wa kufyonza uchafu ukiwa karibu kabisa na shimo, na ufanye sehemu moja kwa wiki. Changarawe ya sentimita 3 hadi 5 inatosha kwa mimea mingi; ikizidi hapo, maji hayapiti chini.

Kama mizizi inayooza ni ile inayoning'inia majini, kata iliyovuka ganda yote mpaka kwenye sehemu ngumu, ongeza mtikisiko wa uso wa maji, na punguza chakula cha samaki. Usimwage dawa ya kuvu yenye shaba. Hiyo itaua konokono na kamba wadogo kabla haijasaidia mzizi mmoja.

## Samaki wanahema juu asubuhi, mchana wako sawa

Usiku mimea haitoi oksijeni, inaitumia tu. Mizizi inayoyumba majini nayo inapumua, bakteria walio juu yake wanapumua, na uchafu ulionaswa unaozeshwa na bakteria wengine. Asubuhi ndipo akiba imefika chini kabisa. Maji ya joto huzidisha shida: maji safi ya nyuzijoto 20 hushika takriban miligramu 9 za oksijeni kwa lita, ya nyuzijoto 30 takriban 7.5.

Washa kitoa-vipovu usiku mmoja. Samaki wakiamka wametulia, umepata jibu. Wakiendelea kuhema, pima amonia na nitriti, kwa sababu hizo nazo humfanya samaki apande juu. Dawa ya kudumu ni kufyonza uchafu ndani ya mizizi. Ipapase chini ya maji kwa mkono mmoja huku mwingine umeshika mpira. Utashangaa kinachotoka.

## Juu kunanawiri, majini kunanyauka

Majani ya nchi kavu yanapata kaboni dioksidi tele kutoka hewani. Ya majini hayapati bahati hiyo. Kwa hiyo mizizi ya mmea wa juu hushinda shindano la chakula bila jasho. Mimea mingi huchukua amonia ya samaki moja kwa moja, hata kabla haijageuzwa nitrati, na ile ya majini inabaki na makombo.

Ukiona majani ya zamani ya mimea ya majini ni ya manjano, ni upungufu wa naitrojeni. Matundu madogo yenye ukingo wa manjano huashiria upungufu wa potasiamu. Majani machanga yenye manjano lakini mishipa ya kijani ni upungufu wa chuma. Na ukiona utando wa kijani-buluu unaoteleza, wenye harufu mbaya, unaofunika kila kitu, mara nyingi nitrati imeshuka hadi karibu na sufuri. Wengi hapo huacha kuweka mbolea kabisa wakidhani ni chakula kimezidi, na utando unashangilia.

Kwenye hali hii kukata mizizi ya juu kunafaa, kwani unapunguza mlaji mmoja. Sambamba na hilo, weka vidonge vya mbolea ndani ya changarawe karibu na mizizi ya mimea ya majini, mahali ambapo mizizi inayoning'inia haifiki.

## Maji yanapungua, udongo umekuwa tope

Mzizi ulioota juu ya ukingo, ukishikana na kuvumwani (ile mimea laini ya kijani inayofunika mawe), unaweza kupandisha maji kidogo kidogo kwa kunyonywa na kuyadondosha upande wa pili. Tone moja moja, usiku kucha, na sakafu inalowa bila ufa wowote kwenye kioo. Bandika kipande cha utepe usawa wa maji, funga tangi kwa mfuniko, uangalie kwa siku mbili. Maji yakishuka kwa kasi ile ile, hayavukizwi, yanatoroka. Pitisha karatasi kavu ya shashi kwenye ukingo wote kwa nje. Inapolowa ndipo ulipo mfereji. Kata mzizi huo na uache nafasi ya vidole viwili bila mmea wowote kuzunguka ukingo.

Udongo wa nchi kavu unaogeuka tope una kisa hicho hicho, isipokuwa njia iko ndani. Mizizi au nyuzi za nazi zimegusa maji chini na kuyapandisha hadi kwenye udongo. Chini ya udongo panatakiwa tabaka la kokoto za udongo wa kuoka, na juu yake wavu. Usawa wa maji usifikie wavu huo. Mizizi itaupenya wavu siku moja, hilo halizuiliki. Muhimu udongo wenyewe usishuke nayo. Na acha tundu la kuchungulia chini ya tabaka hilo, maana samaki wadogo hupenda kuingia humo wakapotea.

## Mmea mpya unaanguka siku chache baada ya kupandwa

Mizizi iliyokulia kwenye udongo haijajengwa kwa maji. Ukiizamisha yote, sehemu kubwa hufa, na mmea hulazimika kuota mingine yenye mianya ya hewa ndani. Kipindi hicho huchukua wiki mbili hadi nne. Zamisha theluthi ya chini tu, au afadhali anza na kipande cha shina kilichooteshwa mizizi kwenye glasi ya maji. Osha udongo wote kabla ya kuingiza mmea, kwani udongo wa vyungu mara nyingi una mbolea kavu, na mimea mingine hunyunyiziwa viuadudu vinavyoua kamba kwa kiasi kidogo mno.

## Manyoya meupe kwenye mizizi

Yakiwa mafupi, yamejipanga sawasawa nyuma ya ncha, ni vinyweleo vya mzizi. Viache. Yakiwa marefu, ya pamba, na yamekaa kwenye kidonda au kipande kilichokufa, ni kuvu wa maji anayekula mfu. Ondoa kipande hicho, naye ataondoka.

## Ukuta wa nyuma unabanduka

Mkuyu mdogo wa kutambaa, Ficus pumila, hujishika kwa mizizi na kusukuma povu gumu lililojengea ukuta wa nyuma hadi liachane na kioo. Ukiona mwanya, kata shina lake pale linapoingia, uache mizizi ikauke yenyewe kabla ya kuitoa. Ukivuta ukiwa mbichi, utatoka na ukuta.

## Ukifika wakati wa kukata

Chagua mizizi mizee na minene kwanza, uitoe hadi shinani, na uwaachie vijana nafasi. Usizidi theluthi moja kwa mkupuo mmoja. Mizizi ni makazi ya bakteria wa chujio pia, hivyo kuitoa mingi ni sawa na kupunguza chujio. Futa mkasi kwa spiriti ya asilimia 70 na uukaushe kabla haujagusa maji. Vaa glavu, kwa sababu utomvu wa pothosi na jamaa zake una fuwele za kalsiamu oksaleti zinazowasha ngozi, na wa mikuyu hunata.

Kata mmea ukiwa nje ya tangi ikiwezekana. Kama haiwezekani, zima pampu, kata, okota vipande vyote kwa wavu kabla ya kuiwasha tena. Badilisha maji robo hadi theluthi siku hiyo hiyo, kisha pima amonia na nitriti kila siku kwa wiki moja. Amonia huwa kali zaidi pH ikiwa juu ya 7, kwa hiyo mwenye maji magumu, ambayo kwa kawaida pH yake iko juu, asiruke vipimo. Punguza chakula cha samaki kwa nusu siku hizo. Vipimo vikibaki 0, rudi kwenye theluthi ya pili baada ya wiki tatu. Vikipanda, badilisha maji tena na uiache mizizi iliyobaki ifanye kazi yake.